Barabara Isiyojua Utani

Siafu walipotoka chini ya mfereji na kulizunguka baraza la Mzee Pazi, mimi nilikuwa nimelikalia, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mdomoni. Sikushtuka. Siafu ni jina ambalo watu wa Barabara ya Wasusi wamevipa vile vimashine vidogo vinavyolala chini ya vigae vya njia ya miguu, na msimamizi wao ni mimi. Nikadhani wamekuja kusugua sakafu. Kisha yule wa mbele akaanza kuchora mstari mweupe kuzunguka miguu yangu, nikajua wamekuja kuvunja.

"Mwanangu Mwavita, hao wadudu wako wana nini leo?" akauliza Mzee Pazi, akiinua dele lake la kahawa lisije likapigwa kumbo.

"Sijui, Mzee. Ngoja niulize." Nikagonga kigae kwa kisigino. "Sikivu, unafanya nini hapa?"

Sauti ya Sikivu, akili ya mashine inayoiendesha barabara yetu, hutoka kwenye nguzo ya taa iliyo karibu nawe, sauti ya upole, si ya kiume wala ya kike. "Shikamoo, Mzee Pazi. Habari za mchana, Mwavita. Baraza hili limelalamikiwa kupita kiasi. Nimechora mstari wa notisi. Ikisikika adhana ya Alasiri, siafu wataliondoa, na mahali pake nitapanda maua."

"Marahaba," akaitikia Mzee Pazi, kabla hajaelewa alichoambiwa. Adabu yake hutangulia akili.

Nilihisi kashata imegeuka mchanga mdomoni. Baraza lile ni la saruji, limeshikana na ukuta wa nyumba yake. Alilijenga na marehemu mkewe wakiwa bado vijana, yeye akikoroga, mke akilainisha kwa mwiko. Sasa mzee ni mgane, goti lake la kushoto halikunjiki, na hatembei zaidi ya kutoka kitandani hadi hapo nje. Hapo anauza kahawa, hapo anacheza bao, hapo anaulizwa hali na anauliza. Ukimwondolea baraza umembakizia chumba na dari.

"Amelalamika nani?" nikauliza.

"Bi Kabula Maganga, wa duka la asali, upande wa pili. Kila siku tangu nilipotandazwa hapa. Kauli yake ya jana: 'Baraza la Mzaramo linanuka uvivu, likivunjwa mtaa utapumua.' Ya juzi: 'Wavunjaji wakija nitawasongea ugali kwa mikono yangu.' Kila anaposema, watu waliopo hucheka. Kicheko nimekihesabu kuwa ni kuunga mkono."

Mzee Pazi akaangua kicheko mpaka dele likamwagika.

"Kicheko cha mwenyewe hakihesabiwi," Sikivu akasema. "Wala sifa zake, wala manung'uniko yake. Mtu na mali yake ni jambo lao."

* * *

Sasa hapa lazima nimtetee Sikivu kidogo, ingawa siku ile nilitamani kuuponda ule mlingoti wake kwa jiwe.

Kabla hajaja, mtaa wetu ulipangwa kwa mikutano. Katika mikutano walisema wale wale: mwenye duka kubwa, mwenye gari kubwa, mwenye sauti kubwa. Njia ya miguu ikageuka maegesho. Mifereji ikazibwa kwa magunia ya saruji ya watu wenye majina. Mama mmoja aitwaye Chausiku, ambaye mwanawe hatembei, alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Hakuwahi kufika mkutanoni hata siku moja. Saa ya mkutano alikuwa anamwogesha mtoto.

Ndipo ikaletwa sheria ya Kauli ya Mtaa. Vigae vikapewa masikio. Chochote ambacho watu wanakisemea barabarani, kingo ya barabara, taa, kivuli, kibanda, Sikivu anakiokota, anakipima na kukitenda. Mengine yote anayasahau papo hapo, na hilo niliwaapia watu nyumba kwa nyumba. Wiki ya kwanza Chausiku alinung'unika peke yake kwenye kona, "Eh Mola, hii kingo itaniua." Asubuhi yake kingo ilikuwa imelala chini, laini, gurudumu likapita bila kuruka. Alilia pale pale. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

Basi huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba waliomtengeneza walimfundisha matusi yote ya Kiswahili wakasahau kumwambia kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani.

Atamwambia nani? Sisi tunanyonya jambo hilo pamoja na maziwa. Babu za Bi Kabula walishuka pwani na misafara, babu za Mzee Pazi wakawapokea, na tangu hapo ni matusi ya mapenzi kizazi kwa kizazi. Mtani atakuita mvivu, atakuvua kofia hadharani, atazuia jeneza msibani mpaka apewe ubwabwa, na wewe huruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye mwenye aibu.

"Sikivu," nikasema, "yule mama anatania."

"Kutania ni kusema uongo kwa kufurahisha," akajibu. "Lakini Bi Kabula hucheka mara chache. Uso wake huwa mkavu."

"Ndiyo ufundi wenyewe!" akafoka Mzee Pazi. "Mtani akicheka kabla yako ameharibu!"

"Watu wengine je?" nikauliza. "Hakuna aliyewahi kulisifu baraza hili?"

"Hakuna."

Ilikuwa kweli. Nani katika maisha yake amewahi kusimama akasema, 'Alhamdulillahi kwa baraza hili'? Mtu hukaa tu. Kitu kizuri mtaani hakisemwi. Hukaliwa, hupitiwa, hutumiwa. Na hata kama ningewakusanya majirani wote sasa hivi waimbe sifa zake, kauli za baada ya mstari hazihesabiwi. Tuliliweka sharti hilo kwa sababu zamani watu walikuwa wananunuliwa soda ili waje kupiga kelele.

* * *

Nikampigia simu bosi wangu, Injinia Shemdoe.

"Una ufunguo, Mwavita," akasema huku akitafuna kitu. "Geuza uamuzi, rudi ofisini."

"Injinia, ufunguo ule tuliapa hautatumika."

"Kwa baraza la babu wa kahawa? Nani atakayejali?"

"Atajali yule atakayekuja kesho kutaka na yeye ageuziwe. Na huyo hatakuwa babu wa kahawa."

Akaacha kutafuna. Sote wawili tulimkumbuka aliyekuwa msimamizi kabla yangu, mimi nikiwa msaidizi wake, aliyeutumia ufunguo kwa ajili ya shemeji yake tu, mara moja tu, na baada ya mwezi njia ya miguu ikawa imerudi kuwa maegesho. Chausiku akarudi katikati ya barabara.

"Basi mfundishe huo utani," akasema Injinia kwa sauti ya chini.

"Atajifunzaje bila kusikiliza kila kitu? Mizaha yote, minong'ono yote, nani anamwambia nani nini na kwa nini wamecheka. Nimewaapia watu kwamba anasahau."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Sijui," nikasema, na nilikuwa na hasira na dunia nzima. Kulia kwangu palikuwa na mzee mmoja atakayedhulumiwa. Kushoto palikuwa na mtaa mzima ambao ungedhulumiwa polepole, bila mtu kuona, kwa sababu nilimhurumia mzee mmoja. Ningependa kusema kwamba nilitafakari kwa hekima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekishika mfukoni kitufe cha ule ufunguo, na kidogo tu nikibonyeze.

"Sikivu," nikauliza, "ni nani anayeweza kufuta lalamiko?"

"Aliyelisema. Kwa kauli ya dhati."

* * *

Bi Kabula alikuwa anachuja asali aliponiona navuka. Ni mwanamke mpana, kitenge chake hukifunga kifuani utadhani anakwenda kupigana ngumi.

"Karibu, mwanangu. Umetoka kwa lile gogo la Kizaramo? Jikung'ute kwanza, uvivu unaambukiza."

"Bi Kabula, shikamoo. Naomba usiseme hivyo tena mpaka nikueleze."

Nilimweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ule ubishi ulivyomtoka usoni. Aliuweka mwiko. Akatazama ng'ambo, wale siafu wamejipanga kwenye mstari, mzee katikati yao na dele lake.

"Mimi?" akasema. "Ni mimi niliyesema?"

"Ni wewe, lakini si wewe. Ni hii barabara."

"Alipokufa mume wangu," akasema bila kunitazama, "nilikuwa nimeshakata shauri nisile tena. Huyu Pazi akaja msibani, amevaa kanzu ya marehemu, sijui aliiiba wapi, akajilaza mlangoni. Akasema hatoki mpaka mjane amletee ubwabwa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakataa kuula mpaka nionje mimi kwanza, eti anaogopa Wanyamwezi wana sumu. Nikaonja. Nikajikuta nimekula sahani." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Halafu leo mimi ndiye nimvunjie?"

"Unaweza kufuta. Sema tu kwa dhati kwamba baraza lake ni zuri na yeye ni jirani mwema."

Akanikodolea macho kama niliyemwomba avue nguo sokoni. Lakini akavuka.

Watu walikuwa wameshajaa. Habari katika mtaa huu haihitaji vigae. Bi Kabula akasimama nje ya mstari, akakohoa, akashika mikono yake mbele kama mtoto anayekariri shairi.

"Mimi Kabula binti Maganga," akaanza, "nasema kwamba Mzee Pazi ni... ni mtu mwenye heshima..."

"Nyamaza!" Mzee Pazi alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nyamaza, Kabula! Hayo ni maneno ya makaburini! Mnataka kunizika nikiwa nimekaa?"

"Nataka kukuokoa, wewe mjinga!"

"Ukinisifu leo, kesho tutaonanaje? Utaniamkia? Utaniuliza habari za goti kama daktari? Bora wavunje. Wavunje! Nitakaa kwenye ndoo."

"Kauli ya kufuta haijakamilika," akasema Sikivu. "Endelea tafadhali, Bi Kabula."

Hakuendelea. Walitazamana wale wawili, na mimi nikaelewa kitu ambacho sheria yetu yote haikuwa imekielewa. Baraza lilikuwa saruji tu. Kilichokuwa kinataka kuvunjwa ni kile kilichowafanya wazee wawili waamke asubuhi wakitafutana. Kwa kuliokoa baraza kwa njia ile, ningekivunja mimi kwa mkono wangu. Nikausikia msikiti wa nyuma ukijaribu kipaza sauti, puh, puh. Adhana ilikuwa karibu. Nikakishika tena kile kitufe.

Hapo Bi Kabula akafungua kitenge.

Msiogope, ndani alikuwa na gauni. Alikivua kitenge, akauruka mstari mweupe, akakitandaza juu ya baraza kutoka mwanzo hadi mwisho, akampokonya Mzee Pazi dele la kahawa, kisha akakaa. Alikaa kwa uzito wake wote.

"Watu wa Wasusi, shuhudieni!" akanguruma. "Mtani wangu amenichongea kwa barabara. Amenifanya nionekane mvunjaji wa nyumba za watu. Kwa kosa hilo nimekamata! Baraza hili kuanzia sasa ni mali yangu, mimi Mnyamwezi. Akilitaka, alikomboe!"

Kukamata ni haki ya mtani. Anachukua kofia yako, mbuzi wako, hata kiti ulichokalia, na kitakuwa chake mpaka utakapokikomboa. Watu walipiga vigelegele. Mzee Pazi alikuwa amefungua mdomo, na polepole, polepole sana, nikaona uso wake unapambazuka.

"Mwizi mkubwa wewe," akasema kwa furaha.

"Mzee Pazi," akauliza Sikivu, "je, mali hii imebadili mwenyewe?"

"Imekamatwa."

"Imekamatwa kwa nguvu?"

"Kwa haki yake. Mtani hakatazwi. Ni yake."

Siafu wote walisimama. Sikivu huwa hachelewi kujibu, lakini safari hii alichelewa, na nikajua kwamba kule chini anapekua kila kifungu cha sheria tuliyoiandika kwa mikono yetu, akitafuta pa kukataa.

"Bi Kabula Maganga ni mwenye baraza," akasema mwishoni. "Kauli zake zote kuhusu baraza ni kauli za mtu kuhusu mali yake. Hazihesabiwi. Baraza halina lalamiko. Naomba radhi kwa usumbufu."

Siafu wakaulamba ule mstari mweupe mpaka ukaisha, wakageuka, wakarudi chini ya mfereji mmoja mmoja. Adhana ikaanza. Sijawahi kuisikia adhana tamu kama ile. Nilikaa chini kwenye vigae, msimamizi mzima na sare yangu ya idara, nikacheka huku machozi yananitoka. Hakuna uongo uliosemwa, hakuna ufunguo uliotumika, na hakuna aliyemheshimu mwenzake.

* * *

Ningependa iishie hapo. Lakini Mzee Pazi ni Mzee Pazi.

"Basi angalieni," akasema akijikokota kukaa pembeni ya kitenge, "tangu liwe la Mnyamwezi, baraza limeanza kunuka michembe, viazi vyao vya kukausha. Mtaa unatia aibu. Livunjwe hili!"

Watu wakaangua kicheko.

"Lalamiko la kwanza limepokelewa," akasema Sikivu. "Limeungwa mkono na watu wengi."

Kicheko kikakatika kama kilichokatwa kwa panga. Mzee akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bi Kabula akanigeukia mimi, na wengine wote wakanigeukia.

Hapo ndipo nilipopata akili, na ilikuwa akili ndogo tu, ya kawaida. Mchana kutwa nilikuwa nafikiria amri: amri ya kugeuza, amri ya kusikiliza zaidi, amri ya kuzima. Na amri sina haki ya kumwongezea Sikivu. Lakini swali ninayo haki. Sheria inamruhusu msimamizi kuiongezea barabara swali la kuuliza watu.

"Sikivu," nikasema, "ongeza swali. Kila mtu anaposema vibaya kitu cha mwingine, kabla hujaandika lolote, muulize mwenye kitu. Muulize kama ameumia."

"Naweza kupima maumivu kwa mtetemo wa sauti."

"Usipime. Uliza. Watu huulizwa."

Najua yupo atakayesema hakuumia kumbe ameumia. Hilo hata sisi wenye damu hatujalimaliza, sikutegemea nguzo ya taa ilimalize. Na najua yupo mtu kama Chausiku, asiyetukana kitu cha mtu yeyote, anayenung'unikia kingo tu. Yeye ataendelea kusikiwa kama alivyosikiwa. Nililipima hilo swali pande zote nikiwa nimekaa pale chini, na sikuona linamwonea nani.

"Swali limeongezwa," akasema Sikivu. Kisha sauti ikahama, ikatokea kwenye nguzo iliyo karibu zaidi na baraza, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba asiyoijua. "Bi Kabula, Mzee Pazi amesema baraza lako linanuka michembe na livunjwe. Je, umeumia?"

Bi Kabula alijimiminia kahawa kutoka dele la wizi, akaonja, akakunja uso. Mzee Pazi bado alikuwa amejiziba mdomo, macho tu yanachungulia juu ya vidole.

"Bado," akasema Bi Kabula. "Mwambie arudie."